Kiti cha Wankyo

Jumatano ile Matrida aliwavalisha watoto wake watatu nguo za kutokea, akafunga mlango wa nyumba yao ya Nyasho, Musoma mjini, akawapeleka Butiama kumuaga bibi yao. Jumamosi walikuwa wanaondoka. Ryoba, mume wake, alikuwa na miaka miwili na nusu Kanada akifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na sasa viza za mke na watoto zilikuwa zimetoka, tiketi zimeshakatwa, na majirani wa Nyasho walikuwa wameanza kugawana masufuria yake kwa macho.

Bibi Yuliana, mama yake Ryoba, walimkuta uani anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akawakumbatia wajukuu mmoja mmoja: Nicolaus wa miaka mitano, Prudence ambaye alikuwa hajatimiza miwili, na Wankyo, mkubwa wao, wa miaka tisa. Huyo Wankyo bibi alimshikilia muda mrefu kuliko wenzake, akimpapasa mgongo. Ndipo akamgeukia mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema Matrida.

"Marahaba. Karibu, Mama Nicolaus."

Matrida aliduwaa kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Sokoni, kanisani, hata pale zahanati, yeye alikuwa Mama Wankyo. Alikuwa Mama Wankyo kabla hajazaa. Ryoba alipomwoa alikuwa amefiwa na mke, ameachiwa kichanga cha miezi minane, na Matrida, binti wa mkulima wa pamba kutoka Bunda, aliingia kwenye ndoa siku moja na kuingia kwenye nepi siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyemfundisha Wankyo kutembea. Yeye ndiye aliyekesha naye malaria ilipompanda kichwani. Mtoto alijua kwamba mama aliyemzaa amezikwa Nyegina, na kila mwaka walikwenda pamoja kufyeka majani ya kaburi, lakini neno mama mdomoni mwake lilikuwa la mtu mmoja.

Alidhani ulimi wa mzee umeteleza, akaingia ndani.

Chakula kilikuwa ugali wa mtama na sato wa kukaanga. Bibi Yuliana alimwekea Nicolaus kipande, Prudence akachambuliwa miiba, Wankyo akapewa vipande viwili. Matrida hakuwekewa kitu, akajipakulia mwenyewe ugali mtupu. Kila alipoanzisha mazungumzo, juu ya mvua, juu ya ng'ombe aliyezaa, alijibiwa neno moja. Alijiambia mzee ana uchungu wa kuagana.

Walipomaliza kunawa, Bibi Yuliana alimshika Wankyo mkono. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Matrida akafuata nyuma na mtoto mgongoni.

Chumba kilichokuwa cha kuwekea magunia kilikuwa kimepakwa chokaa. Kitanda kipya cha mbao kilitandikwa shuka la maua, juu yake chandarua cha bluu, na ukutani, kwenye msumari, vilining'inia sketi ya bluu na shati jeupe la shule. Shati lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Kitanda kizuri, mama," alisema Matrida. "Mnapata mgeni?"

Bibi Yuliana alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Mgeni? Sasa huyu mtoto atalala wapi? Au ulitaka alale na mbuzi?"

"Mtoto gani?"

"Wankyo. Huyu unayemwacha."

Matrida aliyasikia maneno yote, lakini maana yake ilichelewa kufika. Alitazama shati lile msumarini. Alitazama mikono ya Wankyo, kisha shati tena. Lilikuwa saizi ya Wankyo kabisa. Mtu alikuwa amepima.

"Mimi? Mimi namwacha Wankyo?"

"Usinifanye mjinga nyumbani kwangu. Ryoba alinipigia, akasema mmekubaliana. Kwamba wewe umekataa ndege ya shida, unataka ya starehe, na ya starehe hela haitoshi watu wote. Nikanyamaza. Lakini nilisema moyoni, kumbe miaka yote hii alikuwaga anamlea kwa sababu mume yuko karibu."

Matrida alitaka kukaa, akaona mahali pa kukaa ni kile kitanda, akabaki amesimama, ameshika fremu ya mlango.

Habari ya ndege ya starehe ilikuwa kweli. Viza zilipotoka, Ryoba alimpigia akamwambia kuna njia mbili. Kuna ile ya bei rahisi: kutoka Dar es Salaam ndege tatu, kungojea karibu siku nzima katika uwanja wa katikati, chakula cha kujitegemea. Na kuna ile ya ghali: ndege mbili tu, kungojea kidogo, watoto wanapewa chakula chao, na mbele ya kiti cha mama kinapachikwa kitanda kidogo cha mtoto mchanga. Matrida akaenda kumuuliza jirani yake Mwanaupe, muuza vitenge, ambaye aliwahi kusafiri na watoto hadi kwa dada yake Marekani kwa ile njia rahisi. Mwanaupe alisimulia mpaka akasahau wateja. Watoto walilala sakafuni kama mizigo. Maziwa yaliharibika. Mdogo aliharisha na nepi zikaisha wakiwa angani. "Usithubutu, shoga yangu," alisema. "Ukifika huko utakuwa huna akili."

Matrida akarudi kwenye simu akashikilia msimamo. Alisema hatalala chini na watoto watatu kama mkimbizi. Ryoba akasema sawa, ataangalia. Baada ya wiki akapiga: amekata ile nzuri, tiketi ziko kwa Twalib, wakala wa Bunda aliyesoma naye, watazichukua njiani wakienda kupanda ndege Mwanza. Matrida alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Sasa alimshusha Prudence mgongoni, akamkabidhi Wankyo bila kumtazama usoni, akatoka nje hadi kwenye zizi, akapiga simu. Kanada ilikuwa asubuhi. Ryoba alipokea, nyuma yake zikivuma mashine za kukamulia.

"Ryoba, Wankyo umemkatia tiketi?"

"Uko Butiama?"

"Nimekuuliza."

"Matrida, nilijua mama atakuelezea vizuri kuliko mimi..."

"Mama yako anafikiri mimi ndiye niliyesema! Umemwambia tumekubaliana. Tumekubaliana lini? Wapi?"

"Wewe ndiye ulikataa ile ya rahisi," alisema Ryoba kwa sauti ya chini. "Nikaangalia ile nyingine, hela ikatosha viti viwili, wewe na Niko. Prudence unampakata. Nikaona Wankyo ni mkubwa, anampenda bibi yake, atakuja mwakani."

"Viza yake inaisha Oktoba."

Upande wa Ryoba ndoo iliwekwa chini.

"Unajua kwamba inaisha?"

"Najua."

Ng'ombe mmoja zizini alikohoa. Matrida alijikuta ameketi juu ya jiwe la chumvi bila kukumbuka alivyoketi. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba ni makosa, kwamba Twalib amekosea, kwamba mtandao ulisumbua. Hakujiandaa kwa neno "najua".

"Kwa nini, Ryoba? Kwa nini yeye?"

"Nilifikiri nakusaidia. Njiani peke yako na watoto watatu, na mmoja wao hukumzaa wewe. Sikutaka uteseke kwa ajili ya mtoto wangu."

"Mtoto wako."

"Unanielewa."

"Sikuelewi. Karibu miaka tisa hii, ulikuwa unaniona nafanya nini? Nalea mtoto wa watu?"

Matrida alikuwa ameolewa na mtu huyu, amelala naye kitanda kimoja, amemzalia, amemsubiri miaka miwili na nusu, na muda wote huo kumbe mwenzake alikuwa akihesabu nyumba yao kwa hesabu nyingine.

"Rudisha hizo tiketi," alisema. "Kata ile ya shida, viti vitatu. Ikishindikana, hapandi mtu."

"Matrida, ile ni mateso, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema sitaki kulala chini. Sikusema sitaki mtoto."

Mkono ulitokea nyuma yake ukachukua simu. Bibi Yuliana alikuwa amesimama pale, ungo kwapani, na haikujulikana amesikiliza tangu wapi. Aliweka simu sikioni akaanza kusema kwa Kizanaki, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kelele iliyowatimua kuku. Matrida hakukishika Kizanaki sawasawa. Alichoshika ni jina la marehemu, mama aliyemzaa Wankyo, lililotajwa mara mbili. Mzee alipomaliza alirudisha simu, ikiwa imeshakatika.

"Nilikunyima samaki," alisema. Akaondoka kwenda nyuma ya nyumba asionekane.

Matrida alimkuta Wankyo chumbani, ameketi ukingoni mwa kile kitanda, Prudence amelala mapajani mwake. Begi dogo la shule lilikuwa wazi. Ndani yake zilikuwamo nguo zake zote, zimekunjwa: si nguo za kulala siku moja, ni zote, mpaka sweta.

"Ulizifunga lini hizi?"

"Jana."

"Kwa hiyo ulijua."

Mtoto aliinamisha kichwa. "Bibi aliniambia kwenye simu siku ile umeenda kwa fundi. Usigombane na baba, mama. Mimi nitakaa."

"Siku ya fundi?" Ilikuwa wiki tatu nyuma. "Wiki zote hizo? Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri nikiwa mzuri sana utabadilisha."

Matrida aliziba mdomo kwa kiganja. Zile wiki zote alikuwa anajisifu kwa Mwanaupe kwamba binti amekomaa: anaosha vyombo bila kutumwa, anaamka kabla ya jogoo kuchemsha uji, nyama yake anampa Niko. Alimsifu mtoto mwenyewe pia, usoni. "Umekuwa mkubwa," alimwambia, na mtoto alitabasamu. Kumbe kila sahani iliyooshwa ilikuwa ombi, na yeye alipita karibu yake akiimba.

Alipiga magoti sakafuni. Alitafuta cha kusema, akapata hiki tu: "Sikujua. Wankyo, nitazame. Sikujua."

Mtoto alimtazama. Alitaka kuamini, ilionekana wazi, lakini alikuwa amekwisha kukaa na jambo lile wiki tatu, na lilikuwa limemzoea.

Asubuhi wadogo walibaki na bibi. Matrida na Wankyo walikwenda hadi Kiabakari, wakaunganisha gari la Bunda, wakafika ofisini kwa Twalib anafungua mlango. Ilikuwa ofisi ya meza moja, nusu tiketi nusu vocha za simu. Twalib aliwakaribisha vizuri, akaagiza chai, mpaka Matrida alipoeleza shida.

"Kumbe watoto ni watatu?" alisema. "Mimi Ryoba alinitajia wawili."

Wankyo alikuwa anatazama kasuku aliyechorwa kwenye kalenda ya ukutani. Hakugeuka, ila shingo yake ilikakamaa.

"Ni watatu," alisema Matrida. "Mkubwa ni huyu hapa."

Twalib aliona aibu kwa niaba ya rafiki yake. Alimpigia Ryoba mbele yao, akasikiliza, akasema "haya", akakata. "Anasema nifanye unavyotaka." Kisha akageuza kompyuta wote waone. Tiketi za zamani zikirudishwa kuna makato, na kinachobaki kinatosha viti vitatu vya ile njia ya shida, basi. Hakuna chakula. Mashine ndiyo inayopanga viti, inaweza kuwatawanya. "Mama, nikwambie ukweli wa Mungu, mimi mke wangu nisingempitisha huku na watoto. Huyu wa miaka mitano anaweza akakaa mbali na wewe."

"Atakaa na dada yake."

"Na hapa katikati ni karibu siku nzima. Mahali pa kulala hamna."

"Kata," alisema Matrida.

Waliondoka Jumapili badala ya Jumamosi. Na yale aliyosimulia Mwanaupe, yote yalitokea, na mengine ambayo Mwanaupe alisahau. Nicolaus alitapika juu ya gauni la mama yake kabla ndege ya kwanza haijatulia angani. Prudence alilia masikio mpaka sauti ikapotea, akawa analia kwa mdomo wazi bila mlio, na abiria mmoja akahama kiti. Uwanja wa katikati ulikuwa na baridi ya kiyoyozi iliyopenya mifupa, sakafu yake inang'aa kama kioo na ngumu kama jiwe. Maji tu, chupa moja, yalikuwa na bei ya kumfanya mtu aombe radhi kwa kuwa na kiu. Matrida alitandika vitenge viwili karibu na dirisha kubwa, akawalaza watoto mstari mmoja, akajifunga mikoba kiunoni. Alimlaani Ryoba, akamlaani Twalib, akamlaani na aliyebuni ndege.

Nicolaus na Prudence walizama usingizini. Wankyo alikuwa amelala chali, macho makavu, amekamata pindo la khanga ya mama yake.

"Lala."

"Sina usingizi."

"Tangu Mwanza hujalala. Macho yamekuwa mekundu."

Mtoto alizungusha lile pindo kidoleni. "Nikilala, mtaondoka?"

Matrida alikuwa anadhani amemaliza kushtuka. Butiama alishtuka, Bunda akashtuka, akadhani mtu ana kiasi chake na chake kimekwisha. Swali lile lilimwingia mahali ambapo hakuna kilichokuwa kimefika. Ina maana mtoto alipanda ndege, akafunga mkanda, akavuka bahari, na bado alikuwa hajaamini. Tiketi mkononi haikumshawishi. Kiti chenye namba yake hakikumshawishi.

Hakuapa, maana viapo vya wakubwa Wankyo alikuwa ameona mwisho wake. Alichukua pindo la khanga, akalifunga kwenye mkono wa mtoto, ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, fundo la nguvu, la kufunga ndama. Wankyo alilivuta mara mbili kulijaribu. Muda si mrefu akawa anakoroma mdomo wazi.

Mwanamke mzee aliyepita na kigari cha usafi aliwatazama, akazunguka mbali ili asiwaamshe. Matrida hakuweza kwenda msalani kwa saa nyingi. Alikaa hivyo hivyo.

Ndege ya mwisho iliwatawanya kama Twalib alivyoonya. Wankyo na Nicolaus wakawa mbele kabisa, yeye na Prudence mkiani. Ndege ilipoanza kutikisika alifungua mkanda ili awafuate, akaamriwa kwa ishara kali arudi kukaa. Alikaa akiomba rozari kwa vidole. Taa ya mikanda ilipozimwa alikimbia na mtoto begani. Nicolaus alikuwa amelala, amefungwa mkanda barabara, na Wankyo alikuwa amempakatia viatu vyake, akitazama mawingu.

"Aliogopa," Wankyo alisema. "Nikamwambia ni kama barabara ya Butiama kabla ya lami."

Ryoba alikuwa mlangoni mwa wanaowasili, amenenepa, ndevu hazijanyolewa, amebeba makoti mikononi. Nicolaus hakumtambua, akajificha. Prudence, ambaye alizaliwa baba ameshaondoka, alianza kulia. Ryoba alimtazama Matrida, gauni lenye madoa, kilemba kimelegea, macho yamevimba.

Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake mkubwa.

"Wankyo. Mwanangu."

"Shikamoo, baba," alisema Wankyo kwa adabu zote, vile mtoto anavyomwamkia mwalimu mkuu. Akachukua koti alilopewa, akalivaa, mikono ya koti ikaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Lilikuwa la mtoto wa miaka sita, umri aliokuwa nao Wankyo baba yake alipomwacha.

Ryoba alilitazama lile koti, mikono ya mtoto ikichomoza. Uso wake ulisawijika. Aligeuka kwa mkewe, akimwomba kwa macho amsaidie kusema jambo lolote, kama alivyokuwa akimsaidia zamani.

Matrida alimtwaa Nicolaus mkono, akampandisha Prudence mgongoni vizuri, akasimama pembeni. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na hata kama angekuwa na nguvu, maneno yale hayakuwa yake. Alimwacha Ryoba pale chini, amechuchumaa katikati ya watu na mabegi yao, ayatafute mwenyewe.